Kifyonzavumbi cha ukutani: kinasafisha hewa ya nyumba kweli, au vumbi ni waja leo warudi leo?

#1 Ummu_Sahare
Habari za jioni wana Tanga. Naomba mawazo kabla sijachelewa.

Tunajenga Kange, nyumba ya vyumba vitatu. Tofali zimeshapita lenta, bati liko juu, wiki mbili zijazo fundi anaanza plasta. Kaka yangu anaishi Canada. Juzi kanipigia akasema, "Dada, usipige plasta kabla hujapitisha mabomba ya kifyonzavumbi." Anasema kule mashine inakaa gereji au stoo, mabomba ya plastiki yanapita ndani ya kuta, na hapa na pale kuna tundu ukutani lenye kifuniko. Unachomeka mpira mrefu, unafyonza, vumbi lote linaishia kwenye pipa kule stoo. Hewa inayobaki inatupwa nje ya nyumba.

Ananisukuma kwa sababu ya mwanangu wa miaka saba. Ana pumu. Hapa Sahare tulipopanga barabara ni ya vumbi, na asubuhi msichana akishika ufagio tu mtoto anaanza kukohoa akiwa bado kitandani. Nilinunua kifyonzavumbi cha kuburuta, cha mtumba. Cha ajabu siku nikikiwasha ndiyo anakohoa zaidi, na sebule inanuka kama vumbi lililoungua. Kioo cha tivii nakifuta saa mbili asubuhi, saa tano naandika jina langu kwa kidole.

Hiyo mashine ya ukutani inaondoa vumbi kwenye hewa kweli? Aliyewahi kuishi nayo anisaidie.

#2 BarabaraYa12
Nakaa siti ya mbele. Ila dada, waja leo warudi leo wanaambiwa wageni. Vumbi la Tanga ni mwenyeji, lina nyumba na shamba.

#3 Mtanga_Ughaibuni
Shikamoo wakubwa. Niko Edmonton, Canada, mwaka wa tisa. Nyumba mbili kati ya tatu nilizopanga huku zilikuwa na hicho kitu, kwa hiyo nasema nililolitumia kwa mikono yangu.

Kifyonzavumbi cha kuburuta kinavuta hewa kwa mdomo na kuitoa kwa mgongo, na mdomo na mgongo vyote viko sebuleni kwako. Mfuko unashika mchanga, nywele na makombo. Lile vumbi laini kuliko unga wa ngano linapenya na kutoka pamoja na hewa ya moto ya mota. Ndiyo hiyo harufu unayoisikia dada Ummu. Na cha mtumba ndiyo kabisa, mipira yake ya kuzibia imeshakakamaa. Hii ya ukutani mota iko stoo na bomba la kutolea hewa linaishia nje. Linalopenya chujio linapenyea uani, mtoto halivuti.

Lingine ni kelele. Nilikuwa nafyonza chumbani huku mtoto amelala. Unasikia upepo wa mpira tu.

Kasoro yake ni huo mpira: mita tisa, mzito, kila kona ya ukuta unachubua rangi. Halafu kuna kumwaga pipa, na hapo ndipo penye hatari yake. Nitarudi kueleza, naingia kazini.

#4 KusiKaskazi
Mimi naona ni mbwembwe za nyumba kubwa za Wazungu. Hoover aligundua kifyonzavumbi, akakifanya kidogo kila mtu akibebe. Leo tunaambiwa tukirudishe kwenye mabomba?

#5 Mwalimu_Mstaafu
KusiKaskazi, mwanangu, hapo historia umeipinda. Hoover hakugundua, alinunua. Aliyekiunda ni James Murray Spangler, mfagizi wa jengo moja mjini Canton, Ohio, na alikuwa na pumu. Kila akisafisha mazulia kifua kilimbana, ndipo mwaka 1907 akaunganisha feni, sanduku na mpini wa ufagio, foronya ya mto ikawa mfuko wa vumbi. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, aliiuza kwa watu wa Hoover mwaka 1908.

Na kabla yake, London mwaka 1901, kulikuwa na Hubert Cecil Booth. Alikuwa ameona mashine iliyokuwa ikipuliza vumbi, akajiuliza kwa nini isilivute. Akaweka leso juu ya kiti mgahawani, akaweka mdomo, akanyonya. Upande wa pili wa leso vumbi likabaki limeganda. Mashine aliyoitengeneza ilikuwa kubwa, inavutwa na farasi, inasimama barabarani na mipira yake inapitishwa madirishani hadi ndani. Mwaka 1902 ndiyo iliyosafisha zulia la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa Edward VII.

Kwa hiyo kuiacha mota nje ni wazo la zamani. Kuileta sebuleni kulikuja baadaye, na mmoja wa walioileta ni mgonjwa wa pumu. Hilo huwa linanifikirisha sana.

#6 Chelewa
Wenzangu mbona mnazunguka mbali? Bibi yangu Mwambani hakushika ufagio wa chelewa kabla ya kuchota maji kwenye kata na kuyanyunyiza kwa vidole sakafu nzima. Vumbi linalala, ndipo anafagia kwa kuvuta, harushi. Leo msichana wa kazi anafagia marumaru kavu kama anafukuza kuku. Ummu, mwambie apitishe kitambaa chenye maji kwanza, deki baadaye, ufagio mkavu apumzike. Marumaru hayahitaji mashine. Zulia ndilo linaihitaji, na ukiliondoa zulia hata hiyo mashine huihitaji.

#7 Dada_Chumbageni
Naunga mkono #6. Ila Idd wageni wakija utatandika nini shoga yangu?

#8 Chelewa
Mkeka. Tena wa ukili uliotiwa rangi, unaukung'uta uani asubuhi na umemaliza.

#9 Ummu_Sahare
Ahsanteni nyote, na shikamoo Mwalimu. Zulia ninalo sebuleni, zito, la manyoya. Na mtoto analalia godoro la sufi alilotuachia mama mkwe. Sikulifikiria hilo hadi nilipomsoma Chelewa.

#10 Nesi_wa_Zamu
Dada Ummu, simama hapo kwenye godoro.

Kwenye vumbi la nyumba kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, jamaa wa kupe, wanakula ngozi inayopukutika mwilini mwetu. Wanaishi kwenye magodoro, mito na mazulia. Hawanywi maji, wanayavuta kwenye hewa, ndiyo maana hewa kavu inawaua. Sasa Tanga hewa kavu utaipata wapi? Unyevu wetu mara nyingi unapita asilimia 70, wao wakipata 50 na kidogo wanaishi, wakipata 70 wanaishi kifalme. Kinachowasha mapafu ni kinyesi chao zaidi ya wao wenyewe. Chembe zake ni nzito kiasi, kwa hiyo chumba kikitulia zinashuka. Zinaruka mtu akitandika kitanda, akijigeuza, au mtoto akirukaruka juu ya godoro.

Maana yake mashine yoyote ya sakafuni, iwe ya ukutani au ya kuburuta, itasafisha sakafu na kuliacha godoro. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60. Godoro livishwe mfuko uliofungwa zipu pande zote. Sufi, kwa mtoto wa pumu, mimi ningeliondoa leo.

Na dawa ya kuvuta aliyoandikiwa isikatishwe hata nyumba ing'ae kama msikiti. Nimeshaona wazazi wanaokatisha.

#11 FundiBomba_Makorora
Nimeona uzi umechangamka, ngoja niingie upande wangu. Nimefanya kazi ya mabomba Muscat miaka sita, na nyumba mbili pale tulifunga mfumo huu. Kama unataka kufunga, plasta ikishapita umechelewa, hapo kaka yako amesema kweli.

Bomba lake ni la inchi mbili, jembamba na laini kwa ndani, si sawa na la maji taka. Kosa wanalofanya mafundi wengi ni kutumia kona kali ya bomba la maji. Kwenye maji haina shida, ila kwenye vumbi kijiti cha kiberiti kikikaa pale kwenye kona, nywele zinakishika, mchanga unashika nywele, baada ya mwezi umepata kizibo ndani ya ukuta ulioshapakwa rangi. Tumia kona za kupinda taratibu. Na gundi ipakwe kwenye bomba kwa nje, usipake ndani ya kiungio, kwa sababu ikisukumwa ndani inafanya tuta na tuta linakamata uchafu.

Sambamba na bomba unapitisha waya mwembamba wa volti 24, ndio unaoiwasha mashine stoo ukichomeka mpira ukutani. Nyumba yako ya vyumba vitatu, matundu mawili au matatu yanatosha, mpira unafika kote.

Sasa lililo muhimu kuliko yote kwa Tanga: tundu la kutolea hewa liwe upande gani? Mchana upepo wetu unatoka baharini. Ukilitoa upande wa bahari, vumbi laini lililopenya chujio linarudishwa na upepo dirishani kwako. Litoe upande wa bara, juu kidogo, mbali na dirisha la jirani na kamba yake ya nguo.

#12 BarabaraYa12
Kaka yake asije akatuma mashine ya Canada. Kule umeme ni volti 120, hapa 230. Itaungua siku ya kwanza.

#13 Mtanga_Ughaibuni
Kweli kwa nyingi, lakini si zote. Mashine kubwa huku zipo za volti 240. Kabla hajatuma asome kibati kilichogongwa ubavuni, kisha ampelekee picha fundi. Tena Ulaya zipo za 230 moja kwa moja.

Kuhusu umeme wa Luku: mashine ya wati 1,500 ukiitumia nusu saa unakula yuniti 0.75. Pasi inakula zaidi wiki nzima ikihesabiwa.

Sasa lile pipa nililoahidi. Mara ya kwanza nililimwaga ndani ya gereji. Nililipindua kwenye mfuko mweusi, likapanda wingu, nikakohoa hadi usiku na nguo zote zilizokuwa zimeanikwa mle nikazirudia. Vumbi la miezi mitatu ulilolikusanya kwa uangalifu unaweza kulirudisha kwa dakika moja. Limwagwe nje, pipa liingizwe lote ndani ya mfuko kabla ya kupinduliwa, mdomo na pua vimefunikwa, mtoto asiwe karibu. Au chagua mashine yenye mfuko wa karatasi ndani ya pipa, unaufunga na kuutupa.

#14 KusiKaskazi
Mwalimu, nimekubali la Hoover, ahsante kwa kunirekebisha. Lakini hoja yangu naileta upya nikiwa na hesabu.

Mashine ya namna hii inatoa nje takriban mita za ujazo tatu za hewa kila dakika. Fyonza dakika 20, umetoa 60. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 3 ni 60 kamili. Yaani sebule nzima ya hewa umeitupa nje. Je, mahali pake panajazwa na nini? Na hewa ya nje inayoingia kwenye luva, chini ya mlango, kwenye wavu wa mbu. Canada nyumba zimefungwa kwa sababu ya baridi, vumbi lao ni la ndani, kulitoa nje kuna faida. Kange barabara haina lami, daladala linapita, wewe unaivuta barabara iingie ndani.

Na lingine, hili kwa Nesi: mwaka 2008 yalifanyika mapitio ya majaribio 54 kuhusu kupambana na hao wadudu wa vumbi kwa wagonjwa wa pumu. Mifuko ya godoro, dawa za kuua wadudu, kufyonza, vyote. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hawakuona faida ya maana kwa wagonjwa. Tusimpe mama matumaini ya mashine.

#15 Nesi_wa_Zamu
Nayafahamu hayo mapitio, KusiKaskazi, na sikatai. Sehemu kubwa ya majaribio yale yalijaribu jambo moja moja, mfuko wa godoro peke yake au dawa peke yake. Wodini naona mtoto anayekohoa ana vumbi, moshi na ukungu kwa pamoja. Ukiondoa kimoja viwili vinabaki. Sijasema godoro litamponya. Nimesema ningeliondoa.

#16 Dada_Chumbageni
Jamani si anunue tu kile cha kuburuta chenye HEPA, lile chujio la vumbi laini? Kinashika vyote asilimia mia moja.

#17 Fundi_Viyoyozi
Si mia. Chujio la HEPA linashika angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu zaidi kuzikamata. Unywele wa mtu una upana wa kama 70, upate picha. Lakini hiyo ni namba ya chujio lenyewe. Kama bodi ya mashine inavuja pembeni, hewa inalikwepa chujio na kupita kwenye nyufa.

Watafiti wa Brisbane, Australia, walipima vifyonzavumbi 21 wakatoa matokeo mwaka 2012. Vyote vilirusha chembe na bakteria hewani, vyenye HEPA vilirusha kidogo kuliko vingine. Na sehemu ya chembe hizo haitoki sakafuni, inatoka kwenye mota: brashi za kaboni zinasagika zikizunguka. Hapo hoja ya Mtanga_Ughaibuni ina nguvu, mota ikiwa stoo hata huo msago unabaki stoo.

Ila nawauliza wenye viyoyozi na pangaboi: mara ya mwisho umefuta mabawa ya pangaboi lini? Wiki iliyopita nilifungua kiyoyozi cha mteja Raskazone, chujio limeota kama blanketi. Analalamikia vumbi la barabarani na blanketi liko juu ya kichwa chake.

#18 Dada_Chumbageni
Nimenyanyuka kwenda kuangalia pangaboi langu. Nimerudi, sitaki kusema nilichokikuta.

#19 Mama_Kipepeo
Ummu, chumbani kwa mtoto mnachoma dawa ya mbu, ile ya duara?

#20 Ummu_Sahare
Ndiyo, kila jioni kabla hajaingia kulala. Neti anayo ila anasema joto. Jikoni natumia mkaa asubuhi na gesi jioni, jiko la mkaa liko kwenye baraza ya nyuma, mlango unatazamana na korido.

#21 Mama_Kipepeo
Basi nimemaliza. Ipo kazi iliyochapishwa mwaka 2003: kuchoma duara moja la dawa ya mbu kunatoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Unafyonza sakafu mchana, usiku unamwashia mtoto pakiti za sigara. Mimi niliacha, nikamnunulia wangu neti pana ya kuning'iniza juu na feni ndogo ya mezani ipulize ndani ya neti. Joto likaisha na kukohoa kukapungua.

#22 Mzee_Mkonge
Na udi je? Mnaogopa kuutaja kwa sababu kila mtu ana chetezo.

#23 Dada_Chumbageni
Mzee wangu, udi usituondolee. Ijumaa bila udi ni Ijumaa gani?

#24 Fundi_Viyoyozi
Nina kipimo kidogo cha chembe laini, natembea nacho kazini. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linapendekeza wastani wa siku usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wa mwaka 5. Nyumbani kwangu mke wangu akifunika nguo kwenye tenga la udi, kile kipimo kinageuka chekundu kabla harufu haijafika nilipokaa. Sisemi muache. Fukizeni nguo barazani, mlango umefungwa, mtoto wa pumu akiwa kwa jirani.

#25 Mzee_Mkonge
Ahsante kijana. Mimi naishi mjini karibu na bandari, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya tangu baba. Miaka mingi tulidhani vumbi letu linatoka barabarani. Kumbe linatoka ukutani. Mwanangu alipaka saruji juu ya chokaa ili ipendeze, unyevu ukakosa pa kutokea, chokaa ikaanza kuoza ndani na kumwagika unga chini ya kila dirisha. Masika ukungu mweusi unapanda hadi kimo cha kiti. Mke wangu anafagia unga uleule kila asubuhi. Fyonza upendavyo, ukuta utatoa mwingine.

Ummu, wewe unajenga kwa tofali za saruji, lakini ukungu hauchagui. Angalia nyuma ya kabati lako la nguo.

Halafu nauliza kwa nia njema. Wazee walitukataza kufagia usiku, riziki inatoka. Hii mashine ikifyonza saa mbili usiku, inahesabiwa kufagia?

#26 BarabaraYa12
Mzee, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ufagio unaisukuma riziki hadi mlangoni, unaweza kuiwahi. Hii inaitupa nje kwa bomba la inchi mbili.

#27 Chelewa
Bibi alisema sababu ni giza. Pete au shilingi ikianguka unaifagia na taka hujui. Kwa hiyo hata mashine, ndiyo, usifyonze usiku.

#28 FundiBomba_Makorora
Na ni kweli, Muscat tulifungua pipa la mteja tukakuta hereni ya dhahabu. Tulimrudishia.

#29 Fundi_Viyoyozi
Turudi kwa mleta mada. Dada, kabla hujatoa pesa, fanya jambo la bure. Chukua sahani tatu nyeupe, zioshe, zikauke. Moja juu ya kabati la sebuleni, moja chumbani kwa mtoto juu kuliko kitanda, moja korido mbali na dirisha. Ziache siku nne msizisogeze, kisha pangusa kila moja kwa pamba yenye maji, pamba tofauti, utuambie rangi. Kumbuka sahani inapokea linaloanguka. Zile chembe laini kabisa zinaelea tu, sahani haitazishika zote.

#30 Ummu_Sahare
Nimerudi. Nisameheni kukaa kimya, nilikuwa nasubiri sahani.

Ya sebuleni: pamba imetoka nyekundu ya udongo, inakwaruza kati ya vidole. Hiyo ni barabara. Ya korido: kijivu, ina nyuzinyuzi, nadhani ni za zulia, na unywele wangu mmoja. Ya chumbani ndiyo imenikosesha raha. Kwa macho ilionekana safi kuliko zote. Nilipopangusa, pamba ikatoka nyeusi, na ule weusi unanata, nimeuosha kwa sabuni mara mbili haujatoka kwenye kucha. Pembeni mwa sahani kulikuwa na vipande viwili vya sufi.

Nyuma ya kabati, Mzee, ukungu upo.

#31 KusiKaskazi
Nyekundu ya sebuleni ndiyo niliyoisema. Barabara inaingia ndani. Pesa ya mabomba nunua madirisha yanayofunga vizuri na panda mchongoma mnene mbele ya uwanja wa Kange.

#32 Mama_Kipepeo
Weusi unaonata ni moshi. Dawa ya mbu na mkaa. Hakuna mashine ya sakafuni inayofyonza moshi.

#33 Mtanga_Ughaibuni
Lakini hizo nyuzi za korido zimefikaje mbali na zulia? Zimerushwa. Na kinachozirusha ni ufagio mkavu na ile mashine ya mtumba. Kila mmoja hapa ana sahani yake.

#34 Nesi_wa_Zamu
Na sufi imeruka hadi juu ya kitanda. Nilisema.

#35 Chelewa
Pumzika na zulia, pumzika na godoro. Maji na kitambaa.

#36 Ummu_Sahare
Nimewasoma wote hadi machozi yamenitoka, Mungu awalipe. Niliyofanya hadi leo ni haya. Dawa ya mbu nimeacha, nimenunua neti pana na feni ndogo kama ya Mama_Kipepeo. Godoro la sufi liko stoo, mama mkwe hajaambiwa. Zulia nimelikunja. Msichana anapangusa kwa maji na mtoto anakaa barazani hadi sakafu ikauke.

Mabomba, nimeamua yapite. FundiBomba alikuja saiti jana, kanitolea muda wake bila hata kuchukua nauli. Tunapitisha korido na vyumba viwili, kona za taratibu, waya sambamba, tundu la nje upande wa bara. Mashine yenyewe itasubiri. Bomba likishakuwa ukutani halinidai, na plasta ikipita sitapata nafasi tena.

Ila kuna jambo limenichanganya. Alhamisi nilimpeleka mtoto Pangani kwa mama yangu, akalala siku tatu. Hakukohoa hata mara moja. Mama anapikia kuni! Jiko la mafiga, moshi hadi kwenye makuti. Sakafu ni ya udongo uliosakafiwa saruji upande mmoja tu, na kila asubuhi anafagia kwa chelewa. Nimerudi naye jana, usiku kakohoa mara mbili. Mara mbili ni chache kuliko zamani, lakini kakohoa.

#37 KusiKaskazi
Nyumba ya mama iko umbali gani na barabara?

#38 Ummu_Sahare
Mbali, ni ndani ya minazi. Bahari unaisikia.

#39 Mama_Kipepeo
Jiko la kuni liko ndani ya nyumba au nje?

#40 Ummu_Sahare
Banda la peke yake, hatua kama ishirini, upande wa bara.

#41 Mzee_Mkonge
Nyumba ya makuti inapumua. Kuta zake?

#42 Ummu_Sahare
Fito na udongo, juu wazi hadi paa, upepo unapita.

#43 Nesi_wa_Zamu
Mama yako alimlaza kwenye godoro gani?

#44 Ummu_Sahare
Hakumlaza kwenye godoro. Kitanda cha kamba, teremka tukaze, mkeka juu na shuka moja.

#45 FundiBomba_Makorora
Dada, hicho kitanda bado kinatengenezwa huko Pangani? Nina mjukuu anakohoa.